Feni inayozunguka asubuhi na kulala mchana

Gari langu halikuwahi kuchemsha likiwa linatembea. Nilikuwa nikitoka Mwanza mjini alfajiri, napita Buhongwa, nakata kulia pale Usagara mpaka Kigongo, abiria wanne na mizigo yao ndani, na mshale wa geji ya joto umetulia katikati. Shida ilikuwa inanisubiri mbele, mahali foleni ya kivuko ilipoanzia.

Hiyo ni 2018, kabla ya daraja. Aliyewahi kuvuka Kigongo kwenda Busisi miaka ile anaijua foleni hiyo: unawasha, unasogea urefu wa magari mawili, unasimama. Jua la saa saba linapiga boneti, wauza mahindi na mayai ya kuchemsha wanagonga vioo, na mbele yako yamepangana malori yanayokwenda Geita. Dakika kumi zikipita mshale unaanza kupanda. Baadaye kidogo nasikia maji yanaguguma kwenye kile kitanki cha akiba, na harufu tamu ya kulanti inaingia mpaka ndani. Nazima. Abiria wanashuka mmoja mmoja, wanachukua mabegi yao na kwenda kutafuta gari jingine lililo mbele. Hakuna aliyenitukana hata siku moja. Ule ukimya wao uliniuma kuliko matusi.

Gari lenyewe ni Corolla ya 1998, ile tunayoiita 110. Ndilo lililokuwa linalipa ada za wanangu, na nilikuwa nalipoteza hivi hivi naona.

Kila niliyemweleza alikuwa na jibu. Wa kwanza alitoa thamostati, ile inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, akaitupa, akasema huku kwetu joto ni la kutosha, kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Sikumbishia, na gari likaanza kunywa mafuta zaidi, asubuhi linachukua muda mrefu kupata joto, na foleni ya Kigongo likachemsha vile vile. Wa pili alisema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua, tufungue injini. Bei aliyonitajia ilinifanya nilale macho. Nilimkatalia kwa sababu ya ukata tu, wala si kwamba nilijua anakosea. Leo namshukuru Mungu kwa ukata ule.

Wa tatu alikuwa fundi umeme, na yeye angalau aliigusa feni. Aliigusa kwa mkono, akaizungusha, akasema rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, imekufa. Akachomoa ile ya zamani, akafunga nyingine ya pini nne aliyokuwa nayo kwenye kopo, akaiunga kwa vipande vya waya kwa sababu pini zake hazikuingia kwenye soketi ya asili. Nikafungua ufunguo, na papo hapo feni ikaanza kuzunguka. Tulifurahi wote wawili. Nikamlipa, nikaondoka.

Kesho yake Kigongo likachemsha, na feni imelala.

Nilirudi. Tukasubiri gari lipoe, nikafungua ufunguo, feni hiyo inazunguka. Fundi akasema mota imechoka, ikipata joto inakaza. Hoja hiyo iliniingia akilini, nikanunua mota nyingine ya mtumba kwa shilingi 60,000. Ikawa vile vile: asubuhi inazunguka, mchana imelala. Hapo ndipo akanipa ile dawa ambayo kila dereva wa Kanda ya Ziwa ameshapewa au ameshamwona mwenzake akipewa. Akavuta waya mmoja kutoka kwenye betri, akaupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini hadi ndani, akatoboa dashibodi na kuweka swichi ya kubonyeza, kisha akaurudisha mbele kwenye mota. Direkti. Ukifika kwenye foleni unawasha mwenyewe, ukitoka unazima.

Kwa miezi minne niliishi hivyo. Feni ilizunguka, ingawa kwa uvivu. Siku za mawingu nilivuka salama, siku za jua kali mshale ulipanda taratibu mpaka nikakosa raha. Mara mbili nilisahau swichi imewashwa usiku, asubuhi nikakuta betri imekwisha nikasukumwa na vijana wa mtaani. Lakini sikuwa na neno, kwa sababu niliona nimepona.

Siku moja nikiwa narudi mjini, karibu na Usagara, moshi ukatoka chini ya usukani. Waya ule haukuwa na fyuzi, na pale ulipopita kwenye tundu la bati hapakuwekwa mpira wa kuukinga. Bati lilikuwa linausaga kidogo kidogo kila gari linapotikisika, mpaka siku hiyo shaba ikagusa bodi. Waya wa moto ukigusa bodi bila fyuzi katikati, betri inamwaga nguvu yake yote humo, na waya unakuwa kama koili ya jiko la umeme. Nilikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni kwenye kiti cha nyuma. Nilipiga breki, nikawatoa, nikafungua boneti na kuling'oa temino la betri kwa mikono mitupu. Moshi ukakata. Carpet ilikuwa imetoboka ukubwa wa kiganja. Mpaka leo nikimkumbuka yule mtoto alivyokuwa ananiangalia, mwili unanisisimka.

Nilivutwa mpaka Nyakato, kwa mzee mmoja fundi umeme niliyekuwa nasikia sifa zake. Kibanda chake kidogo, chini ya mwembe, hakina hata kibao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Limefanyaje?"

Nikaanza kumweleza: rilei, mota, gasketi. Akaninyamazisha kwa mkono, kwa upole.

"Hayo ni ya mafundi. Wewe niambie gari. Linachemsha likitembea au likisimama?"

"Likisimama."

"Mlimani je?"

"Mlimani halichemshi."

"Basi maji yanazunguka na gasketi ni nzima. Likitembea, upepo wa barabara ndio feni yake. Likisimama linabaki na feni ya kwake, na hiyo ndiyo halina." Akafikiri kidogo. "Na hii shida ilianza baada ya nini?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilikumbuka kwa taabu: ng'ombe. Mwaka mmoja nyuma niligonga ng'ombe huko njia ya Sengerema, mbele pakaingia ndani, nikapeleka kwa fundi bodi Igoma, akanyoosha, akapiga pati ya kusawazisha mabonde, kisha rangi. Likatoka zuri kama jipya. Mzee akatikisa kichwa, hakusema kitu, akainama kwenye injini.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa waya wote wa direkti, kipande baada ya kipande, akisema gari lirudi lilivyozaliwa kwanza. Kisha, injini ikiwa baridi kabisa, akaniambia nifungue ufunguo bila kuwasha. Feni ikazunguka.

"Unaona?"

"Naona, mzee. Inazunguka."

"Asubuhi, maji ya baridi, feni inazunguka kumpoza nani?"

Nilibaki nimeduwaa. Miezi yote ile tuliichukua ile feni ya asubuhi kuwa ushahidi wa uzima, kumbe ndiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa. Mzee akafuata waya kwa mkono wake mpaka kwenye swichi ya joto, kile kidude cha shaba kinachokaa kwenye njia ya maji, akachomoa soketi yake. Feni ikasimama. Akairudisha, ikazunguka. Akacheka peke yake.

"Imegeuzwa," akasema.

Alinieleza akiwa ameketi kwenye tairi, na nitajaribu kulieleza kama nilivyolielewa, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapopotea. Kwenye Toyota nyingi za umri huo, swichi ya joto ikiwa baridi imefunga, umeme unapita. Maji yakizidi nyuzi 93 hivi inaachia, na yakishuka chini ya 83 inafunga tena. Ni kinyume na mtu anavyotarajia. Na rilei ya feni yake nayo ni kinyume: ikiwa haina umeme kwenye koili, mdomo wake umefunga na feni inazunguka, ikipata umeme, mdomo unafunguka na feni inalala. Vinyume viwili vinaleta sawasawa. Gari baridi, swichi imefunga, rilei imeshikwa, feni imelala. Gari la moto, swichi imeachia, rilei imeachiwa, feni inazunguka. Waliounda walifanya hivyo kwa makusudi, ili siku waya wa swichi ukikatika au soketi ikichomoka, feni izunguke muda wote badala ya kulala na kuunguza injini.

Sasa chukua mpango huo, toa rilei yake, weka ile ya kawaida ambayo inafunga mdomo ikipata umeme. Umepata feni inayozunguka asubuhi ya baridi na kulala mchana wa moto. Hiyo ndiyo niliyolipia fedha nikaondoka nikishukuru.

Mzee alimtuma kijana wake kwenye maduka ya spea za mtumba, akarudi na rilei ya asili iliyotolewa kwenye Corolla nyingine. Kabla ya kuifunga akaipima kwa betri na mita ya umeme palepale mkononi: bila umeme, pini mbili zinasomana, akiipa umeme, inasikika tiki, na mawasiliano yanakatika. Akaifunga kwenye soketi yake. Kufungua ufunguo, feni kimya. Kuchomoa soketi ya swichi, feni ikazunguka.

Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kuingiza mkono mfukoni.

"Bado," akasema. "Sikiliza. Hiyo ni feni hiyo? Hata karatasi haivuti."

Alikuwa anasema kweli. Feni nzima ya gari hilo unaisikia ikivuma, na ukiweka gazeti mbele ya rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, linanaswa. Yangu ilizunguka kama pangaboi la ofisi ya kijiji. Akachomoa soketi ya mota, akaweka mita kwenye pini zake mbili: volti 12.3. Nikasema umeme upo, basi ni mota. Mimi ndiye niliyesema hivyo, na kwa uhakika kabisa, kwa sababu yule fundi umeme wa kwanza naye alikuwa amepima hivyo hivyo na kuona hivyo hivyo.

Akainuka, akaingia kibandani, akatoka na balbu ya taa kubwa ya gari iliyounganishwa nyaya mbili zenye vibanio. Akaibana kwenye pini zile zile. Ikawaka rangi ya chungwa, kama kaa la moto linalokaribia kuwa majivu.

"Wewe unakaa wapi?"

"Mabatini, mzee. Juu kule mlimani."

"Basi hili unalijua. Ukiziba bomba lako kwa kidole, unasikia maji yanasukuma. Ukitoa kidole ujaze ndoo, yanatoka kama machozi. Mita ni kidole. Haichoti maji. Balbu hii ni ndoo."

Sijawahi kusikia mtu akiueleza umeme vizuri kuliko hapo. Mita ya kawaida haivuti umeme wa kutosha kulihisi jambo. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba, au boliti iliyooza, itaonyesha volti zote 12 alimradi hakuna kinachotumia. Mzigo ukiingia, ndipo uongo unapojulikana. Balbu ya wati 55 inavuta kati ya ampea nne na tano; mota ya feni kama yangu inavuta saba hivi. Lazima upime kitu kikiwa kinafanya kazi.

Kisha akagawanya njia. Kibanio kimoja kwenye waya wa moto wa mota, kingine kwenye hasi ya betri: balbu ikawaka nyeupe, macho yakauma. Kwa hiyo fyuzi ya ampea 30, rilei, na waya wote wa kwenda ni vizima. Akageuza: kibanio kimoja kwenye chanya ya betri, kingine kwenye waya wa ethi wa mota, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Rangi ya chungwa. Hakuhitaji kuniambia. Akarudisha soketi ya mota, feni ikazunguka kivivu, akagusisha mita kwenye ule waya wa ethi kwa nyuma ya soketi na kwenye hasi ya betri. Ikasoma volti 5.1. Mahali pasipotakiwa kuwa na hata nusu volti. Kati ya volti 12.3 za betri, tano zilikuwa zinafia njiani kurudi nyumbani, na mota inapewa saba. Hata mota ile ya kwanza niliyoiuza kama chuma chakavu ilikuwa nzima.

Waya wa ethi tuliufuata mpaka kwenye bati la mbele, nyuma ya taa ya kushoto. Boliti ya spana namba kumi, imekaa vizuri, imekazwa. Mzee akaifungua. Chini yake kulikuwa na rangi. Rangi nzuri ya fedha, na chini ya rangi pati. Fundi bodi alipomaliza kazi yake nzuri alirudisha ethi juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Uliokuwa unapita ulipita kwenye nyuzi za boliti tu, na nyuzi zenyewe zilishashika kutu kwa matope ya masika na mvuke wa rejeta. Ndiyo maana feni haikufa siku moja. Ilikufa kwa mwaka mzima.

Msasa, mpaka bati likang'aa. Kichwa cha waya tukakikata na kubana kipya. Boliti mpya, washa yenye meno, grisi kidogo juu baada ya kukaza. Mita ikasoma 0.1. Feni ikavuma mpaka majani ya mwembe yaliyodondokea mbele ya gari yakanasa kwenye rejeta.

Kazi ya dakika ishirini, ukiondoa kumsubiri kijana. Alinitoza 25,000, rilei ikiwemo.

Kabla sijaondoka aliniambia nirudishe thamostati, na ninunue kifuniko kipya cha rejeta, kile kilichoandikwa 0.9. Nilidhani ni kupenda kuuza, lakini hakuwa anauza hivyo vitu. Baadaye nilielewa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Feni inaitwa kwenye 93. Kifuniko kikiwa kimechoka springi, hakishiki presha, feni inabakiwa na nyuzi tatu tu za kuokoa jahazi. Kifuniko kizima kinasukuma kiwango cha kuchemka hadi juu ya 110, na kulanti inaongeza. Dereva wa Mwanza ana sababu ya kukijali kifuniko kuliko dereva wa Dar es Salaam. Na swichi ya joto lazima izame kwenye maji. Maji yakipungua, inakaa kwenye mvuke na hewa, inasoma uongo, na utalaumu umeme bure.

Siku iliyofuata nilikaa foleni ya Kigongo saa nzima na injini inaunguruma. Sikuizima kwa makusudi. Mshale ukapanda kidogo tu juu ya katikati, kisha nikasikia tiki mbele, na feni ikavuma. Baada ya muda ikanyamaza yenyewe. Ikaja tena. Nilihesabu mara sita. Abiria mmoja aliniuliza kwa nini natabasamu peke yangu.

Tangu hapo wenzangu wa stendi wakipata shida hiyo huniita, na mimi si fundi, lakini balbu ya mzee ninayo, alinitengenezea nyingine. Naanza na maswali yake yale yale. Magari ya baadaye, kama IST, hayana ile swichi. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, ndiyo inayoamua feni iwake lini kwa kusoma sensa ya joto, kwa hiyo rilei yake sichezi nayo kabla sijajua ni ya aina gani. Mara nyingi nawasha AC kwanza: feni ikivuma kwa nguvu kwa AC na ikakataa kwa joto, najua mota, fyuzi na ethi havina kosa, natafuta kwenye sensa. Na vidole siviweki karibu na pangaboi hata ufunguo ukiwa mfukoni, kwa sababu yapo magari ambayo feni inaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa imezimwa.

Kinachonitia uchungu ni direkti. Bado zinafungwa kila siku, na waya mwembamba, bila fyuzi, na kijana anaondoka na shukrani. Nimeshawaomba watatu wazitoe. Wawili walikubali. Mmoja kati yao tulikuta ethi yake iko juu ya rangi, naye alikuwa amenyoosha mbele.

Foleni ya kivuko haipo tena. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya daraja, kilometa tatu za maji chini yetu kwa dakika chache, na upepo wa ziwa unapoza rejeta bila kuombwa. Foleni sasa ni Buzuruga na Mabatini jioni. Corolla bado ninayo. Lile tundu la swichi kwenye dashibodi sijaliziba; abiria wakiniuliza lilikuwa la nini, huwa nawaeleza habari za mama na mtoto wake pale Usagara.